Upanga wa Kupiga Resi

Upande wa kulia wa skrini kuna herufi inayokuhukumu. Huanza na D. Mkate pepo kwa pigo lile lile mara tatu, herufi haitikisiki. Mrushe juu, mfuate huko huko hewani, mchape upanga, mvute kwa mkono, mtie risasi mbili za kumzuia asianguke, badilisha silaha kabla hajagusa chini. Hapo herufi inaanza kupanda, C, B, A, halafu S, halafu S mbili, halafu S tatu zinazowaka. Ukirudia ulichokwisha kufanya, malipo yake yanapungua. Ukipigwa, unaporomoka. Na utamu wote uko hapa: pepo atakufa kwa D sawasawa na atakavyokufa kwa S tatu. Mlango utafunguka, hadithi itaendelea, na mwisho wa misheni mwenye madaha atapata vito vyekundu vingi kidogo kuliko mwenzake. Basi. Hakuna anayekulazimisha kupigana vizuri.

Hii ndiyo Devil May Cry, gemu ya kampuni ya Capcom ya Japani, iliyoanza mwaka 2001. Ya tano ilitoka Machi 8, 2019, miaka 11 baada ya ya nne, na mimi nimeipata ikiwa imeshapita mikononi mwa watu. Vitu vya namna hii huupanda uwanda wa Ufipa polepole. Kwanza Kariakoo, kwa muuza diski zilizotumika. Halafu basi mpaka Mbeya, Tunduma, kisha barabara ya Laela yenye mahindi kushoto na kulia, mpaka stendi ya Sumbawanga. Kufikia hapo watu wa Tokyo wameshahamia kwingine. Sijali. Mwendelezo ni mpya siku unapoutia kwenye mashine, na mwenye subira hununua kwa bei ya chini.

Kwa kawaida vibanda vya gemu vya mji wetu ni vya mpira. Ingia chochote pale Majengo saa kumi jioni: mabenchi yamejaa, pedi mbili zinazunguka, anayefungwa anampisha anayefuata, na mwenye kibanda anakusanya shilingi mia zake kwa kila mechi. Hesabu yake ni safi kwa sababu mechi ina mwisho. Devil May Cry haina kipenga. Mtu anaweza kukaa nusu saa akimchezea pepo mmoja ambaye angemuua kwa sekunde tano, na mwenye kibanda akitazama hivyo anaona hasara. Ndiyo maana sisi wachache tunaoipenda tunapewa asubuhi za siku za kazi, wanafunzi wakiwa shuleni, na tunalipa kwa saa.

Asubuhi za Julai hapa si mchezo. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi, na vidole vinaganda. Kwa mchezo wa mpira vidole vilivyoganda vinavumilika. Unapiga pasi fupi fupi mpaka damu ichemke. Kwa gemu hii haiwezekani. Kwanza unashika kikombe cha chai kwa viganja viwili, unakunja na kukunjua vidole, ndipo unagusa pedi. Nimemwona mpiga gitaa akifanya hivyo hivyo kanisani kabla ya misa ya kwanza.

Sasa nieleze upanga, maana kwangu ndio moyo wa sifa zote ninazotaka kutoa.

Nero, mmoja wa wahusika watatu wa gemu hii ya tano, anabeba upanga uitwao Red Queen. Mpini wake una akseleta. Ukikamata kitufe cha L2 na kukiminya, Nero anakunja kifundo cha mkono, upanga unanguruma, na moto unatoka kwenye bapa kama ekzosi iliyotobolewa. Unaweza kupiga resi ukiwa umesimama, minya, minya, minya, mpaka upanga ujae ngazi tatu, halafu pigo linalofuata linatoka na moto. Hiyo ni njia ya mwanagenzi. Njia ya fundi ni kupiga resi katikati ya pigo lenyewe: upanga ukiwa safarini, pale pale unapokata, unaminya L2 mara moja. Ukiwahi, hakuna kitu. Ukichelewa, hakuna kitu. Ukikaribia, ngazi moja inajaa. Ukiipata barabara, zote tatu zinajaa kwa mguno mmoja, na pigo linalofuata linatoka tayari linawaka. Gemu inakimbia fremu 60 kwa sekunde, na tundu unalotakiwa kupenya ni fremu chache mno. Huwezi kuliona kwa macho. Linasikika, au linaguswa.

Kuna kijana fundi pikipiki anayekuja asubuhi hizo kabla hajafungua karakana yake. Mwenye kibanda humlazimisha kunawa kwa sabuni ya unga kabla ya kushika pedi, maana mikono yake haiachani na oili. Mara ya kwanza kumwona akishika Nero nilimwambia habari za L2, akaitikia tu, "Sawa, mwalimu," akaanza. Hakuitazama herufi ya kulia. Aliinamisha kichwa kidogo upande wa spika, kama anavyofanya akisikiliza pikipiki ya Boxer inayokohoa, na kifundo cha mkono wake wa kulia kikawa kinakunjika pamoja na cha Nero, ingawa kwenye pedi hakuna cha kukunja na kitufe chenyewe kiko kushoto. Kabla chai yangu haijapoa akawa anazipata zile resi za katikati ya pigo, mbili kati ya tatu. Nikamuuliza anazishikaje. Akasema, "Mwalimu, hii unaisikia inapoitaka gia." Mimi nilizifanyia mazoezi tangu gemu ya nne, kwenye PlayStation 3 iliyokwisha kuzeeka, na bado nazipata moja kati ya tatu nikiwa nimelala vizuri.

Jambo ninalotaka kulisema juu ya mwendelezo mzuri liko hapo. Resi ya Nero ilikuwamo mwaka 2008. Ilipofika 2019 ilikuwa bado imo, na wakati wake unaujua ukiwa umeujua zamani. Kuna watengenezaji wa gemu wanaodhani mwendelezo ni kuleta dunia kubwa zaidi, panga nyingi zaidi, filamu ndefu zaidi, na huku wamefuta kila kilichokuwa vidoleni mwa mchezaji ili waanze naye upya. Mchezaji anakuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza kila baada ya miaka michache. Capcom walifanya kinyume chake, na walikifanya kwa ujanja wa kikatili: kabla hadithi haijachanganya, Nero anakatwa mkono. Mkono wenyewe ndio ule wa ajabu, wa kipepo, uliokuwa fahari ya gemu ya nne, uliokuwa ukiwavuta maadui kutoka mbali na kuwabamiza chini. Mtu mwenye joho anakuja gereji, anaung'oa, anaondoka nao. Nilikaa na pedi mkononi nikiwa sina la kufanya. Vidole vyangu vilikuwa bado vinautafuta.

Halafu unagundua kwamba ulichopoteza ni nyama tu. Kuvuta kumerudi kwa waya, wakati ule ule, kitufe kile kile. Walichokupa badala ya ule mkono ni mikono ya chuma.

Nirudi nyuma kidogo, maana mfululizo huu umewahi kupotea njia, na waliourudisha wanastahili kutajwa. Hideki Kamiya, aliyeongoza ya kwanza, hakuanza akitengeneza Devil May Cry. Alikuwa anatengeneza Resident Evil ya nne, gemu ya kutisha, ya kutembea taratibu na kuhesabu risasi. Shujaa wake akawa mwepesi mno, mwenye mbwembwe mno, hofu ikaisha. Wakubwa wakaona ni busara kuifanya kitu cha peke yake. Na ile sanaa ya kumweka adui hewani ilizaliwa kwenye kasoro. Katika Onimusha, gemu nyingine ya Capcom ya wakati huo huo, kulikuwa na hitilafu iliyomwezesha mchezaji kuendelea kumpiga adui akielea bila kuanguka. Mtu mwingine angeandika kwenye orodha ya vya kurekebisha, akaenda kula. Kamiya aliiona ikampendeza, akaijengea gemu.

Ya pili, ya 2003, ni bora tuipite haraka. Ilikuwa nyepesi, shujaa wa mfululizo, Dante, amenyamaza, bastola zinaua kila kitu ukiwa umesimama mbali. Hideaki Itsuno aliingizwa mradi ukiwa umeshakwenda mrama, akaumalizia, na jina lake likabaki kwenye aibu ile. Ya tatu, ya 2005, ni jibu lake. Hiyo niliicheza kwenye PlayStation 2 yenye diski ya kuchomwa, isiyo na hata picha juu yake, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na ilinichapa. Lakini ndani yake Itsuno aliweka mitindo ya kupigana, unachagua mmoja kabla ya misheni: wa kukwepa, wa upanga, wa bunduki, wa kukinga. Ya nne ikafanya mitindo hiyo minne ibadilike papo hapo katikati ya pigo, kwa vishale vya pedi. Mwaka 2013 kazi ikapelekwa kwa Ninja Theory wa Uingereza, wakaleta Dante mwingine, kijana mwenye nywele nyeusi. Haikuwa gemu mbaya, na mazingira yake yaliyokuwa yakijikunja yenyewe ninayakumbuka vizuri, ila kwangu haikuwa ndugu wa damu. Itsuno amesimulia jinsi alivyofikia hatua ya kutaka kuacha kazi, akapewa nafasi ya kuchagua atengeneze nini, akachagua ya tano.

Unaona mstari unavyokwenda. Kila mara kinaongezwa kitu vidoleni, na kilichokuwamo hakiondoki. Dante wa 2019 ana mitindo minne ile ile, silaha nne za mkono na bunduki nne, zote zikibadilika bila kusimama. Ukijaribu kuhesabu mapigo yanayowezekana utaacha.

Hapa Ufipa watu wanaijua kazi ya namna hii, hata kama hawajawahi kushika pedi. Vijijini bado yamesimama malungu, matanuri ya udongo ya wahunzi wa zamani, mengine yakiwa na kimo cha karibu mita tatu, katikati ya mashamba, majani yamemea juu yake. Tanuri lile halikuhitaji mivukuto. Lilijengwa kwa kimo ambacho hewa inajivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, likala mawe na makaa, likatoa chuma kichafu. Chuma hicho kilikuwa bado hakifai kitu. Kilipelekwa kwenye tanuri dogo, la mivukuto, kikasafishwa kwa moto wa pili, ndipo kikaenda kwa mfuaji kuwa jembe. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wetu, amefanya utafiti mrefu juu ya chuma cha pande hizi, na anaonyesha kwamba kabla na kando ya malungu kulikuwa na mbinu nyingine, mojawapo ikiitwa katukutu. Kwa hiyo hata chuma cha Ufipa kina miendelezo yake, na kila mmoja ulimkuta mhunzi akiwa na mikono inayojua kitu.

Sehemu inayonivutia zaidi katika masimulizi ya malungu ni hii: tanuri likiisha kujengwa lilitendewa kama bibi harusi. Lilipambwa. Kulikuwa na dawa zake, miiko yake, maneno yake. Mtu wa hesabu atauliza mapambo yanaongeza kilo ngapi za chuma. Labda hata moja. Nadhani mhunzi angemshangaa muulizaji huyo kama mimi ninavyomshangaa anayeniuliza kwa nini nisimuue tu pepo, niendelee na safari. Jembe likitoka, lilitoka na namna lilivyopatikana. Chuma cha madukani kilipokuja kutoka Ulaya, jembe likawa ni jembe tu, rahisi, na moto wa malungu ukazimika.

Mhunzi wa Devil May Cry 5 ni mwanamke. Anaitwa Nico, anavuta sigara bila kupumzika, anaendesha gari kubwa lililo nusu karakana, na ukimpigia simu kutoka kwenye kibanda cha barabarani anatokea akiwa amevunja ukuta au ameruka paa. Yeye ndiye anayemtengenezea Nero mikono ya chuma. Kuna unaotoa shoti ya umeme kwenye kiganja. Kuna unaopunguza mwendo wa muda. Kuna ngumi inayoruka kama roketi na Nero anaweza kuipanda, akatelezea juu yake akizunguka uwanja. Kuna hata wenye uma wa kulia tambi, ambao unafanya kazi, na nina shaka Nico aliutengeneza akiwa na njaa.

Mikono hii inavunjika. Unaibeba kwa mpangilio, na huwezi kurukia wa pili mpaka wa kwanza uvunjike au uulipue mwenyewe kwa L1. Wachezaji wengi wamelalamikia jambo hili, na sababu zao zina uzito: wanataka kuchagua, wanataka silaha zote mezani. Mimi niko upande wa Nico. Kitu kisichovunjika hukipendi, unakitumia tu. Ukiwa na mkono wa kupunguza muda na ukajua baada yake ni uma wa tambi, unaufikiria. Unauweka. Halafu unapigwa ukiwa unautumia, unavunjika, na jitu la mwisho wa misheni linabaki na robo ya uhai wake huku wewe ukiwa na uma. Hapo ndipo madaha yanapopata maana, maana kumpiga shetani kwa uma wa tambi mpaka herufi ifike S ni jambo la kusimulia. Kibandani walisimama. Mmoja alipiga kelele, "Noma! Anamla!" Mwingine akauliza kama kuna na kachumbari.

Hadhira hii ndiyo iliyonifundisha kuiona gemu upya. Kwenye mpira wa kibandani kila mtazamaji ana timu, na bao la kubahatisha linahesabiwa sawa na bao la chenga tano. Wanaosubiri zamu wanaangalia matokeo. Kwa Devil May Cry hakuna wa kumshangilia dhidi ya mwingine. Wanaangalia namna tu. Na wanachoka upesi kuliko ile herufi: ukipiga vizuri kwa njia ile ile mara ya pili, kimya. Ile kanuni ya mashine, kwamba pigo lililorudiwa linapungua thamani, nilidhani ni ya wahandisi wa Osaka. Benchi la Majengo lilikuwa nayo tayari.

Na masikio yao yako wazi. Wimbo wa Nero, "Devil Trigger", uliotungwa na Casey Edwards na kuimbwa na Ali Edwards, umekatwa vipande vinavyofuata herufi. Ukiwa D unasikia mdundo na sauti ya chini tu, unazunguka zunguka. Ukipanda, wimbo unajikusanya. Ukifika S, kiitikio kinafunguka chote, ngoma na gitaa na sauti, na ukipigwa wakati huo kinakatika kama mtu aliyekabwa. Hivyo wimbo unauimba mwenyewe kwa vidole. Watu ambao hawajui neno hata moja la Kiingereza kilichomo wanajua kiitikio kinapokaribia, wanaanza kutikisa vichwa kabla hakijafika, na kikikatika wanakulaumu wewe, siyo pepo.

Nilitaja shoti ya umeme kwenye kiganja. Ukiwa mtu wa Sumbawanga ukaenda Dar es Salaam, swali la kwanza ni la radi, kama ni kweli tunazituma. Wanauliza kwa utani, lakini wanaangalia mbingu. Kwa hiyo unaweza kufikiria maneno yaliyosemwa kibandani siku Nero alipomshika pepo uso kwa mkono ule na kumwachia radi. Kuna mzee anayepita kununua sigara hapo nje. Alichungulia, akatazama kidogo, akasema, "Kumbe na Wajapani wanazo," akaenda zake. Wapo pia wazazi wasiopenda jina la gemu lenyewe, lenye shetani ndani yake, na wanatutazama kama tunaofuga kitu. Siwezi kubishana nao sana. Ninachoweza kusema ni kwamba mapepo katika gemu hii wanapata kipigo ambacho hakuna mahubiri yaliyowahi kuwapa.

Ina ubovu wake. V, mhusika wa tatu, mwembamba mwenye fimbo na kitabu cha mashairi, hapigani mwenyewe. Anawatuma wanyama wake, ndege na chui, na yeye anasimama nyuma anasubiri kwenda kumalizia kwa fimbo. Kwenye karatasi ni wazo zuri. Kwenye vidole ni kama kumtuma mtoto dukani: unaminya, kitu kinatokea huko, huna hakika sana ni wewe uliyekifanya. Nikimpata V misheni yake naimaliza haraka. Mazingira nayo, mji uliomezwa na mizizi ya mti mkubwa, baada ya muda ni nyama nyekundu na mizizi, mizizi na nyama nyekundu.

Lakini Dante anapoingia, yote yanasameheka. Ana pikipiki anayoipasua katikati ikawa misumeno miwili. Ana kofia inayorusha vito vyekundu kama risasi, yaani fedha zako mwenyewe, na ukipigwa ukiwa umeivaa vinamwagika. Sijawahi kuona silaha yenye tajriba ya maisha kuliko hiyo. Na ana mtindo wa kukinga, Royalguard, ambao ndio ninaoufanyia kazi sasa. Katika mitindo mingine ukiona pigo linakuja unaruka. Katika huu unasimama. Pepo mwenye shoka analiinua, unaliona linashuka, na badala ya kukimbia unaminya kitufe kimoja wakati mmoja tu, pale shoka linapokugusa. Ukikosea, umekwisha. Ukipata, cheche zinaruka, Dante hasogei hata unywele, na nguvu ya pigo lile inawekwa ndani yake. Unakinga la pili, la tatu, unajilimbikizia, halafu unamrudishia yote kwa pigo moja. Mtu asiyejua anaona mtu amesimama. Benchi linajua, benchi linanyamaza shoka likipanda.

Ndani ya gemu kuna chumba cheupe cha mazoezi, hakina hadithi wala herufi ya maana, kina pepo mmoja asiyekufa. Unaweza kumpanga apige au asimame. Fundi pikipiki anakipenda chumba hicho kuliko misheni zote. Anaingia, anachagua pepo, anarudia pigo moja, resi moja, mpaka saa aliyolipia iishe, halafu anavaa koti lake la oili na kwenda kufungua karakana. Nilimwambia anapoteza hela, hadithi imebaki nusu. Akaniambia, "Hadithi itakuwepo, mwalimu. Mkono ndio unaosahau."

Mwaka 2020 walimwongeza Vergil, pacha wa Dante, mwenye kipimo chake cha pekee: umakini wake unajaa akitembea taratibu na kupiga bila kukosa, unapungua akikimbia ovyo au akikata hewa tupu. Huyo tunamsubiri, diski yetu ni ya toleo la kwanza, na kumnunua kunataka intaneti yenye nguvu na kadi ya benki, vitu ambavyo mwenye kibanda hajashawishika kuvitolea fedha kwa ajili ya wateja wanne wa asubuhi. Itsuno mwenyewe ameondoka Capcom mwaka 2024, baada ya miaka 30. Kama ya sita itakuja, atakayeikalia asiguse muda wa resi ya Nero, hata fremu moja. Royalguard aiache ilivyo. V apewe likizo ndefu. Kofia ya vito irudi, iwe ghali zaidi. Na Nico apewe upanga wake mwenyewe, tumwone aliyefua chuma akikitumia.